Mtu wa Josho na Paka wa Mkewe

Katika shamba moja la mzungu nje kidogo ya Rongai, Wamalwa alitambulika kwa pua kabla ya kutambulika kwa macho. Harufu ilitangulia. Ukigeuka, ndipo unamwona mwenyewe anakuja, kofia kichwani, buti za mpira miguuni, ameinua kidevu kama mwenye shamba, na kumbe hata mbwa wake hakumtii. Wamalwa alikuwa mtu wa josho. Ng'ombe wote wa pale walipita mbele yake kila juma, wakaogelea katika lile handaki la simenti lililojaa maji ya dawa, wakatokea upande wa pili wakikohoa na kulaani kwa lugha yao, na kupe wakaachwa nyuma wakielea.

Kazi ile ilikuwa imempanda kichwani. Kabla ya hapo alibeba magunia kwenye stesheni ya Nakuru, ambako hakuna aliyemwogopa, wala mende. Hapa joshoni wadudu walikufa akiamuru, na mtu akishaonja ukubwa wa namna hiyo ni shida kumrudisha chini. Akawa anachovya kila kitu. Alichovya magunia, alichovya kamba, alichovya kofia. Alichovya koti lake la kanisani, na Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa akamwomba kwa upole akae karibu na dirisha, ikiwezekana upande wa nje.

Nabalayo, mkewe, alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyarusha kama mawe ya kuwafukuzia ndege shambani. Walikaa katika nyumba ya udongo kwenye laini ya wafanyakazi, chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha hakuna. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, gunia la unga wa posho, mtoto wao Simiyu aliyekuwa bado anatambaa, na paka aliyeitwa Karani kwa sababu alipenda kukaa wima mbele ya lile gunia akihesabu panya. Nje alilala mbwa, Watasema. Kwao Wabukusu, kama kwa watu wengi, jina la mbwa ni barua kwa jirani, na majirani wa Wamalwa walikuwa wameisoma na kuendelea kusema.

Kiangazi cha mwaka wa 1958 kilipokolea, vumbi likaota miguu. Viroboto walijaa laini nzima. Walimpanda Watasema, walimpanda Karani, na kutoka kwa hao wakamshukia Simiyu, ambaye miguu yake ikawa na vipele kama mtama ulioanikwa. Jamaa mmoja wa kwao aliyefanya kazi kwenye garimoshi akapita kuwasalimu, akaiona ile miguu, na alipofika nyumbani kwao akatia chumvi kiasi cha kutosha ng'ombe wote wa Bwana mwenye shamba. Alisema mtoto ameliwa mpaka mfupa unaonekana.

Habari zikamfikia Mama Nekesa, mamake Nabalayo, huko Kimilili. Mama Nekesa hakuwahi kumpenda Wamalwa. Hakumpenda alipokuja kuposa, hakumpenda alipolipa mahari, na alipomchukua binti yake kumpeleka kwenye mashamba ya wazungu hakumpenda zaidi. Jibu lake likarudi kwa mdomo wa jamaa yule yule.

"Mwambie mtoto wangu nakuja Jumamosi na gari la moshi. Nitatandika kitambaa cheupe katikati ya nyumba yake. Nikiona kiroboto hata moja, tunarudi nyumbani, yeye na mjukuu wangu. Huyo abaki na ng'ombe za mzungu."

Wamalwa alicheka aliposikia, lakini kicheko hakikufika mbali. Alimjua mama yule. Na alijua pia kwamba hana namna ya kujitetea, kwa kuwa kwa Wabukusu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na kukutwa katika chumba kimoja ni jambo la kufanya wazee watafutiwe kondoo wa kusafisha aibu. Wakitaka kusemezana, husemea kwa mtu wa katikati. Kwa hiyo Mama Nekesa angekuja, angehukumu, angeondoka na familia yake nzima, na yeye Wamalwa angekuwa kichakani akisubiri kuambiwa.

"Sisi tuko na josho," alimwambia mkewe. "Nini inakusumbua?"

"Mbwa peleka," alisema Nabalayo. "Paka, hapana."

"Kwa nini paka hapana? Kupe ni kupe, kiroboto ni kiroboto."

Moyo wa Nabalayo ulikataa tu. Basi akajifunga leso, akaenda dukani Rongai kutafuta dawa nyingine. Mwenye duka akamtolea kopo la unga mweupe, akaupuliza kidogo hewani ili mteja auone unavyoruka.

"Hii ni mzuri sana mama. Kwa kitanda mzuri, kwa ukuta mzuri, kwa mbwa mzuri."

"Na paka?"

"Paka pia. Kila kitu."

"Wewe uko na paka?"

Mwenye duka akafunga kopo polepole. "Nilikuwa nayo," alisema.

Nabalayo akarudi mikono mitupu. Njiani akakutana na Jepkorir, Mkipsigis wa nyumba ya tatu, mama mnene aliyecheka kabla ya kusema, katikati ya kusema na baada ya kusema. Dada yake Jepkorir alichuma pareto upande wa Keringet, na kila alipokuja kumtembelea alimletea mfuko wa maua yaliyokauka. Jepkorir aliyasaga kwenye jiwe, akaunyunyiza unga wake nyumbani. Ndiyo maana mbwa wake walilala mchana kutwa bila kujikuna, jambo lililowatia wenye mbwa wengine wivu.

Alimfuata Nabalayo mpaka nyumbani, akamkuta Wamalwa mlangoni.

"Wewe mzee, sikia," alimwambia huku akicheka. "Paka si ng'ombe. Ng'ombe ikitoka kwa josho inaenda kula nyasi. Paka ikitoka kwa josho inakula josho. Hujaiona vile inajilamba? Kutoka sikio mpaka mkia, haibakishi. Chukua maua yangu."

"Maua!" alisema Wamalwa. "Maua ni ya arusi."

"Basi kiroboto waoane huko kwako, wazae."

Akaondoka zake akitikisika mabega. Wamalwa akaudhika. Mtu aliyekuwa akiua kupe kwa maelfu kuambiwa akanyunyize maua! Siku iliyofuata alimpeleka Watasema joshoni, akamsukuma handakini nyuma ya ndama wa mwisho. Mbwa akaogelea, akatoka, akajikung'uta juu ya nyapara, na kupe wakaanza kumdondoka. Wamalwa akarudi nyumbani amevimba. Angeishia hapo, dunia ingemwona ni mtu mwenye akili. Lakini Nabalayo alikuwa ameenda kutafuta kuni, Simiyu yuko mgongoni mwake, na Karani alikuwa amelala juani peke yake, hana wa kumtetea.

Wamalwa akarudi joshoni, akaleta maji yake kwa debe, akamtia Karani katika gunia, akamshika shingo, akamchovya. Alikuwa amezoea ng'ombe. Ng'ombe ukimtia majini huogelea kwa sababu hana njia nyingine, lakini paka ana njia, na njia ya Karani ilikuwa uso wa Wamalwa. Alipanda kifuani, akapita puani, akakanyaga kofia, akaruka mpaka juu ya paa akiwa amelowa nusu ya nyuma. Huko juu akajikunja vizuri, akainua mguu mmoja, akaanza kujilamba.

"Karani, acha!" Wamalwa aliita. "Karani, shuka!"

Paka gani huitwa akaja? Wamalwa alimrushia kipande cha nyama kavu, akamsihi, akamtukana, akamsihi tena. Karani alijilamba mpaka ncha ya mkia.

Nabalayo aliporudi na kuni, Karani alikuwa chini ya ukuta, mate yanamtoka kama povu, miguu ya nyuma inatetemeka haijui inakokwenda. Nabalayo alimtazama paka, akalitazama debe, akautazama uso wa mumewe uliochanika. Hakupiga kelele. Alitua kuni, akachemsha maji kidogo yapate uvuguvugu, akachukua sabuni ya mche, akamwosha Karani, akamsuuza, akamwosha tena, mpaka ile harufu ikapungua. Kisha akamfunga katika shuka ya mtoto, akamkumbatia.

"Hii paka ikikufa," alisema, "sitangoja mama. Nitaenda na miguu yangu."

Hapo Wamalwa akaogopa kweli. Alikuwa amezoea kumwona Mama Nekesa kama adui, na adui mtu hujipanga naye. Lakini mkewe alikuwa amesema kwa sauti ya chini, bila hasira, na jambo hilo lilimkata maini. Alikaa kizingitini, akaona aibu, akampenda yule paka kwa ghafla kuliko alivyowahi kupenda mnyama wa mzungu yeyote. Alimwomba Mungu, na kwa kuwa hakujua sala ya paka, akasali ile ya wagonjwa.

Karani hakufa. Asubuhi alilamba maziwa kidogo, akamtazama Wamalwa kwa muda mrefu, kisha akamgeuzia mgongo. Wamalwa akavua kofia, akaenda kwa Jepkorir.

Mama yule hakumpa maua bure. Alimpeleka mpaka kwenye bomba ambako wanawake wa laini walikuwa wakiteka maji, akamsimamisha katikati yao.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Wamalwa akakohoa. Akatazama juu, akatazama chini. "Maua inashinda josho," alisema.

"Hatusikii," wanawake wakasema.

"Maua inashinda josho! Kwa paka!"

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika mpaka kwa Bwana, ambaye alifikiri kuna arusi. Baada ya kushiba kicheko, Jepkorir akafanya kazi kama mtu anayelipwa. Alimwonyesha Wamalwa namna ya kumpaka Watasema ule unga kinyume cha manyoya, kuanzia mkiani kwenda kichwani, ukiepa macho. Kupe waliong'ang'ania masikioni wang'olewe kwa vidole na kutupwa katika kikopo cha mafuta ya taa. Karani, kwa kuwa mwili wake bado ni mgonjwa, asipakwe chochote kwanza, wala maua. Achanuliwe tu kila siku kwa kitana cha chawa, polepole, na kila kinachotoka kitumbukizwe kwenye maji ya sabuni.

"Na usifikirie kiroboto inakaa kwa mbwa," alisema. "Kwa mbwa inakula tu, kama wewe hotelini. Nyumba yake ni sakafu yako."

Basi nyasi za kulalia zikachomwa, blanketi zikapigwa fimbo juani, vumbi likafagiliwa mpaka pembeni kabisa, sakafu ikakandikwa upya kwa samadi na jivu, na unga wa pareto ukanyunyizwa kila ufa. Nabalayo naye akaweka sheria yake. Nguo ya josho haivuki kizingiti. Mwenye nguo hiyo aivue nje, aitundike mtini, ajifunge leso, ndipo aingie.

Wamalwa alitii. Alhamisi saa sita za mchana alivua kila kitu chini ya mti, akajifunga leso ya mkewe yenye maembe mekundu, akaingia, akakaa kitandani, akampakata Karani na kuanza kumchanua. Paka alikuwa ameanza kumsamehe, au tuseme alikuwa ameanza kuona faida yake. Nabalayo alikuwa anakoroga uji. Simiyu alikuwa anatambaa sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kuanza hakuwa anajikuna.

"Hodi humo ndani!"

Ilikuwa sauti ya Mama Nekesa. Gari la moshi la Jumamosi lilikuwa la watu wasiojua vita. Yeye alikuwa amepanda lori la mahindi, akaja siku mbili mapema ili amkute adui hajavaa. Wala hakujua alivyopatia.

Mlango mmoja, na mlangoni yupo yeye. Dirisha hakuna. Wamalwa akaingia chini ya kitanda na paka wake, na kitana chake, na maembe yake mekundu.

"Mayi, karibu," Nabalayo alisema, na sauti yake ikapanda juu kidogo.

Mama Nekesa aliingia, akatua kikapu chake kando ya kitanda, akaketi. Alikuwa mama wa kuonekana. Kamba za kitanda zikashuka mpaka mgongoni mwa Wamalwa, zikamgandamiza mpaka akaguna, na humo kikapuni, shubiri moja kutoka puani mwake, jogoo mkubwa mwekundu aliyefungwa miguu akamtazama kwa jicho moja kupitia nyufa za ukili.

"Hapa kunanuka ng'ombe," alisema Mama Nekesa.

"Ni nguo ya kazi, Mayi. Iko nje kwa mti."

"Na mwenyewe?"

"Ako kazi."

"Ni vizuri. Nitasema bila kuchagua maneno."

Akasema. Alisema huyo mwanamume ana masikio ya kupokea upepo na si shauri. Alisema siku ya arusi aliimba mpaka kuku wakahama. Alisema alimchukua binti yake wa pekee, akampeleka mahali ambapo mama hawezi kusikia akilia, na hapo akajipangusa pua. Halafu akaendelea na masikio. Mengine yalimwudhi Wamalwa, lile la kulia lilimwingia.

Mwishowe Mama Nekesa akatoa kitambaa cheupe, akakitandika katikati ya sakafu. Wote wakakitazama. Simiyu akataka kukitambalia, akavutwa mguu. Uji ukaungua. Hakuna kilichoruka. Mama Nekesa alisubiri, akasogea, kitanda kikalia, akasubiri tena, na uso wake ukaanza kuonyesha masikitiko ya mtu aliyesafiri mbali kwa hasira nzuri isiyopata kazi.

Kisha kiroboto akaanguka katikati ya weupe. Mmoja tu, mweusi, mnono.

"Funga nguo zako," alisema Mama Nekesa.

"Mayi, tumechoma nyasi, tumepaka—"

"Nilisema hata moja. Fungasha."

Nabalayo akaanza kulia. Aliinama, akakusanya nguo za mtoto moja moja, polepole, kama anayetaka aambiwe aache.

Lakini Wamalwa alikuwa amemwona yule kiroboto akitoka. Mbele ya pua yake, kulizunguka jicho la jogoo na kupanda hadi kwenye upanga wake wa kichwani, walikuwa wamejipanga viroboto wa kuku, weusi, wengi, wametulia kama abiria. Mmoja wao alikuwa ameruka kupitia ukili, akashuka Rongai. Wamalwa akisema neno, atakuwa amemsemesha mama mkwe wake, chumba kimoja, akiwa amevaa leso. Hadithi hiyo ingefika Kimilili kabla ya lori kurudi. Akinyamaza, atabaki na heshima yake yote, na nyumba tupu ya kuitunzia.

Akapiga moyo konde.

"Mama Simiyu," sauti ikatoka chini ya kitanda, "mwambie mgeni aangalie jicho ya jogoo."

Kila kitu kikasimama. Nabalayo, machozi bado mashavuni, akafanya kama mila inavyotaka. "Mayi, anasema uangalie jicho ya jogoo."

"Nani anasema?"

"Kitanda."

Mama Nekesa akainama, akakivuta kikapu, akamshika jogoo kichwa, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Aliangalia upande mmoja. Akaangalia upande wa pili.

"Mwambie kitanda," alisema hatimaye, "nilijua ako huko tangu nikalie. Nimekalia vitanda vingi, hakuna imewahi kuguna. Ile maneno yote nilikuwa nayo miaka mingi na mila ilininyima nafasi. Leo nimepata."

"Anasema—"

"Amesikia. Sasa mwambie na hii. Mtu mwenye anaweza kukaliwa na mama mkwe, akiwa na leso, na bado asikubali bibi yake aende hivi hivi, huyo sina la kumnyang'anya." Akavuta kitambaa cheupe kutoka sakafuni, akajifunika kichwa chote, akageukia ukuta. "Atoke. Sioni."

Wamalwa akatambaa, paka na kitana mkono mmoja, leso mkono mwingine, amemaliza nusu ya chumba kwa magoti. Nabalayo alikuwa amejiziba mdomo, na mabega yake yalitikisika, safari hii si kwa kilio. Mumewe alipofika kizingitini, sauti ya Mama Nekesa ikamfuata kutoka chini ya kitambaa, ikimwendea yeye mwenyewe moja kwa moja kwa mara ya kwanza maishani mwao.

"Hicho kitana uache hapo mlangoni. Najikuna tangu Kimilili."